Siku Tuliyotia Mahari Motoni

Mie si mwalimu. Naanza na hilo kwa sababu Msambweni nzima huniita mwalimu, nami kwa miaka mingi sikumsahihisha mtu. Kazi yangu ilikuwa kutunza maabara ya shule ya sekondari: kuosha mirija ya kioo, kupima asidi, kuificha spiriti isinywewe, na kuwaambia walimu kwa adabu kwamba jaribio walilolipanga litatuunguza sote. Walimu walikuja na kuondoka, wengine walihamishwa hata harufu ya kemikali hawajaizoea. Mie nilibaki pale pale na taulo langu begani. Ukiishi na kemia miaka thelathini bila shahada, unaijua kama unavyomjua jirani mkorofi, pamoja na mambo yake ya faragha.

Kabla ya maabara nilikuwa mtoto wa tanuri. Babu alichoma chokaa, baba alichoma chokaa, sisi watoto tulibeba matumbawe na maji. Tanuri letu lilikuwa upande wa Gazi, enzi ambazo mtu alikata mkoko bila kuulizwa. Siku hizi ukionekana na shoka karibu na mikoko ya Gazi utahutubiwa na akina mama wanaoitunza mpaka utamani kufungwa, na ni haki yao. Basi, magogo hupangwa duara, matumbawe huwekwa juu, moto huwashwa, na kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma. Jiwe likishaiva, linazimwa. Kuzima maana yake ni kulimwagia maji kwa kata, nalo linafoka, linapasuka, linageuka unga mweupe wa kujengea. Kazi ya kuzima ilikuwa ya watoto na ya shangazi. Baba akisema zima, unamwaga. Huulizi kwa nini.

Shangazi ninayemsema ni dada yake baba, kitinda mimba, na kisa hiki ni chake. Aliolewa na kijana kutoka huko kukavu kwa wafuga mbuzi, aliyekuwa akichimba vito Kuranze. Kijana alikuja kuposa na shati safi na jiwe moja jeusi, lenye urefu wa kidole cha mtoto, limefungwa kwenye kitambaa. Akasema mahari yake ndiyo hiyo, inaitwa tomalini, na rangi yake ni kijani. Wazee wakaligeuzageuza, kijani hawakukiona. Babu alikuwa hapendi maneno mengi. Akasema sisi ni watu wa chokaa, mawe hayatutishi, mwenyewe akiridhika ndoa na ifungwe. Shangazi akaridhika. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba aliridhika na kijana, jiwe hata hakulitazama.

Angelitazama mapema tungepumzika. Harusi haijamaliza mwezi, ami yangu mmoja, aliyekuwa akiosha vyombo katika hoteli moja ya Galu, aliliona lile jiwe akacheka mpaka akakaa chini. Akasema vigae vya namna ile anavitupa jaani kila asubuhi, ni chupa za mvinyo za wazungu, na kama hiyo ndiyo mahari basi yeye ana mahari ya kuolea mji mzima. Ami huyo alikuwa hajui kito hata kimoja duniani, lakini alisema kwa sauti kubwa, na kwetu hilo linatosha.

Tangu siku hiyo nyumba ya shangazi ilikuwa na watu watatu: mume, mke na chupa. Mume akichelewa kurudi, chupa. Paa likivuja, chupa. Akimnunulia leso ambayo maandishi yake hayakumpendeza, ataambiwa kwamba aliyeoa kwa chupa hana haki ya kuchagua leso. Yule bwana hakuwahi kujibu. Alikuwa anachukua fimbo yake na kwenda kuwatazama mbuzi. Watu wakamsifu kwa upole, na mie nikamsifu pamoja nao, kwani mwanamume mwenye kunyamaza ni nadra katika ukoo wetu.

Walizaa, wakalea, wakazeeka. Kisha kifua cha yule bwana kikaanza kumlipa vumbi la Kuranze. Tukaenda hospitali, tukarudi, tukaenda, tukarudi, na mara ya mwisho tukaambiwa kwa upole kwamba tumtunze nyumbani. Wiki ile ile shangazi alikuja kwangu asubuhi, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha badala ya kuulizia watoto akafungua pindo la leso na kulitoa lile jiwe.

"Mwanangu," akasema, "mume wangu anaondoka. Nataka nijue kabla hajafumba macho. Nimsamehe, au nimwombe radhi?"

Nikamwambia amsamehe yaishe, Mwenyezi Mungu anapenda wenye kusamehe. Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama walimu wapya. Kwetu mtu hapelekwi kaburini akiwa na kinyongo cha mkewe, hilo analijua kila mtu. Lakini yeye alisema radhi ya kubahatisha si radhi. Kama ni chupa, alitapeliwa siku ya harusi yake na ana jambo kubwa la kusamehe. Kama ni jiwe, basi amemtukana mtu asiye na hatia tangu ujana wake, na amebakiwa na siku chache za kumwangukia. Nikaona ana haki, na nikaona pia kwamba amekuwa hapati usingizi.

Hapa ndipo ujuaji wangu ulipoanza. Nilimwambia ziko njia nyepesi za kupima. Nikataka kulikwaruzia kwenye kioo cha dirisha, akasema hata chupa hukwaruza chupa, na hapo alisema kweli. Nikataja mizani na maji, akasonya. Baba yake, akasema, hakuwahi kuliuliza jiwe swali ila kwa moto. Tumbawe la kweli lilijulikana tanurini, na la uongo vile vile. Nami, badala ya kubisha, nikajikuta nafurahi. Kwa sababu nilijua, kwa ujuzi wangu wa kuokoteza, kwamba tomalini nyeusi ya namna ile ikipashwa moto kwa kipimo inaweza kufunguka rangi. Nilijiona nimeshalishika juani, kijani kitupu, na mji mzima unasema mwalimu, mwalimu. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Nieleze kidogo, maana shangazi naye nilimweleza, akasinzia. Tomalini ni jiwe lisilobagua. Mawe mengine yana wenyewe, mgeni akigonga mlango hafunguliwi. Hili limejengwa kama Ukunda, kila atokaye popote hupata chumba. Mna pete za silika, sita sita, zimepangana. Mna boroni, mna alumini, sodiamu amekaa katikati ya ukumbi hana la kufanya, na katika vyumba vinavyobaki huingia yeyote aliyekuwa karibu siku jiwe linaumbwa. Akiingia kromu au vanadi, unapata kijani cha kung'aa. Akiingia chuma kwa wingi, unapata giza.

Na chuma chenyewe kina hali mbili, moja imepoteza umeme zaidi ya mwenzake. Zikipangishwa vyumba jirani hazitulii. Zinarushiana umeme, na kila zikirushiana zinameza mwanga. Ndiyo maana jiwe lenye kijani tele laweza kuonekana kama kipande cha makaa. Ukilipasha moto polepole, mahali pasipo na hewa nyingi, chuma kile hurudi hali moja, ugomvi unapungua, mwanga unapita. Lakini ukilipasha moto hewani kwa pupa, unalipotosha. Ndani ya jiwe kuna haidrojeni iliyoshikana na oksijeni. Moto ukizidi, haidrojeni hufunga virago na kutoka, na chuma kinachobaki hupata kutu humo humo ndani, jiwe likawa la kahawia au jeusi zaidi. Ukiendelea kuwa mkaidi, boroni naye anatoroka, nyumba nzima inaanguka, na unabaki na kitu mfano wa kigae cha choo.

Hayo yote niliyajua. Naomba ikumbukwe kwamba niliyajua.

Nilifanya kazi safi, wallahi. Nilichukua chungu kipya, nikakijaza mchanga mkavu uliochanganywa na unga wa makaa ya vifuu, ili makaa yaimeze oksijeni kabla haijalifikia jiwe. Nikalizika jiwe katikati. Nikakifunika chungu na kukiziba ukingo kwa udongo. Maabara haikuwa na tanuri la umeme la kufaa, lilikuwapo moja lakini lilifanya kazi siku moja tu, siku ya kukabidhiwa na picha kupigwa. Basi nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikapanga kuni za mvinje na vifuu vya nazi, nikaanza na moto wa kupasha mikono tu. Jiwe lina vimaji vimefungiwa ndani tangu lilipoumbwa, ukiliharakisha vimaji hivyo vinachemka na kulipasua. Nikaongeza kuni kidogo kidogo. Kipimajoto sikuwa nacho, ila mtoto wa tanuri hahitaji. Chungu kikianza kuwa chekundu cha gizagiza, umeshapita nyuzi mia tano, hapo hapo panatosha. Chokaa hutaka moto mara mbili ya huo. Nilijizuia, na kwa mtu wa ukoo wetu kujizuia mbele ya moto si jambo dogo.

Shangazi alikaa kwenye kigoda tangu saa mbili asubuhi, hakula, hakuzungumza. Jirani mmoja mgeni, kijana wa kutoka bara anayefanya kazi hotelini Diani, alichungulia uani akauliza tunachoma nyama gani. Nikamwambia mahari. Akaenda zake.

Adhuhuri ilipopita niliacha moto ufe. Mpango ulikuwa chungu kilale humo humo shimoni hadi kesho yake asubuhi, kipoe chenyewe. Nilimwambia shangazi hivyo. Akasema mgonjwa amekoroma vibaya tangu alfajiri na mimi namwambia habari za kesho, nani amenipa kesho? Alasiri nikakitoa chungu kwa koleo, nikabandua udongo, nikapangua mchanga kwa kijiti. Joto lilinipiga usoni, likaja na ile harufu ya mchanga ulioungua ambayo sikuwa nimeinusa tangu nikiwa na miaka kumi. Jiwe likatokea. Lilikuwa zima. Halina ufa hata mmoja, kingo zake kali kama lilivyoingia.

Na hapo tukafanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote kati ya hapa na Mombasa asingelifanya. Shangazi aliinuka, akachota maji mtungini kwa kata, akanipa. Akasema, "Zima."

Nami nikamwaga.

Sikufikiri. Sitadanganya kwamba nilifikiri. Miaka thelathini ya maabara, kila muhula nikiwaambia wanafunzi wasitie kioo cha moto kwenye maji, na mkono ukatii sauti ya tanurini. Mazoea yana tabu. Likalia mlio mdogo, kama mtu kavunja njugu, na mvuke ulipoondoka palikuwa na vipande saba kwenye mchanga ulioloa.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilihisi aibu ambayo sikupata kuihisi hata siku nilipoiunguza meza ya mwalimu mkuu. Kitu ambacho mwanamke huyu amekifunga kwenye leso zake zote tangu usichana, mie nimekiua kwa kata moja. Shangazi naye alisimama mdomo wazi, akitazama mkono wake mwenyewe uliochota maji. Kisha akakaa tena kwenye kigoda na kuanza kulia, kilio cha chini, cha mtu asiyetaka kusikiwa na jirani. Maji yakimwagika hayazoleki, akasema, na akalirudia hilo mara mbili tatu.

Niliokota kipande kimoja nikakielekeza juani, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Kilikuwa kijani. Si kijani cha mashaka, ni kijani cha mchicha uliotoka kuoshwa. Nikampa akitazame. Akakitazama, akafuta machozi, akasema hata chupa za Galu ni za kijani.

Hapo nusura nimtukane, Mungu anisamehe. Lakini alikuwa na haki tena, na swali lake lilikuwa bado limesimama pale pale. Ndipo nikakumbuka jivu. Tomalini ina tabia moja ambayo kioo hakina. Ukiibadilishia joto, ncha zake mbili hujipa umeme, moja huu, nyingine ule, kwa sababu jiwe limepangwa ndani likiwa na kichwa na mkia. Umeme huo ni mdogo, hauwezi kuwasha hata taa, lakini unatosha kuvuta vumbi. Nilimwomba dakika chache. Nikaokota kigae cha chupa kwenye ukuta wa jirani, nikakikausha pamoja na kipande kirefu cha jiwe juu ya mkungu uliofunikia chungu, nikavipasha vyote viwili kwa makaa yaliyobaki. Kisha nikavishika kwa kibano, kimoja kimoja, juu ya jivu laini lililochekechwa.

Chupa haikufanya kitu. Chupa ni chupa. Jiwe liliposogea, jivu liliinuka. Punje nyembamba zikaruka zikashika kwenye ncha zake na kusimama wima kama vinyweleo. Shangazi akainama mpaka leso yake ikakaribia kushika moto. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie na chupa. Chupa ikakataa. Akachukua kibano mwenyewe, akafanya kwa mkono wake, jivu likaruka likamshikia jiwe lake.

Sasa niseme kweli yangu. Jaribio hilo lingefanyika asubuhi kwa mshumaa, bila shimo, bila kuni, bila kata. Jiwe lingekuwa zima hadi leo. Nililijua na nikalipita, kwa sababu nani atasifiwa mtaani kwa kuvuta jivu? Nilitaka kijani. Nilimwambia shangazi hivyo hivyo pale pale, nikamwomba msamaha. Alikuwa amekwisha kuokota vipande vyote saba na kuvifunga pindoni, na anatembea.

Nilimfuata. Kwake si mbali, ni mwendo wa kumaliza kuamkiana na watu wanne, ila siku ile hakumwamkia mtu. Mgonjwa alikuwa macho, ameegemezwa mito, dirisha liko wazi. Nikamwambia shikamoo mzee, akaitika kwa vidole. Shangazi akafungua leso, akavimwaga vile vipande kwenye kiganja cha mumewe. Akamweleza yote kwa mkupuo: moto, mchanga, kata, jivu. Akasema si chupa. Akasema ni jiwe la haki, amelijaribu mwenyewe, na amekuja kumwangukia kwa maneno yote aliyomrushia tangu walipooana.

Yule bwana alivitazama vipande muda mrefu. Akakiinua kimoja kuelekea dirishani, na mkono wake ukashindwa kukishika juu, ikabidi nimshike kiwiko. Mwanga ukapita kijani ukamwangukia shavuni. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja kikohozi kiishe.

"Mie nilijua ni chupa," akasema.

Shangazi akaviangalia tena vile vipande, na mumewe akaendelea.

"Mnunuzi mmoja Lunga Lunga aliniambia, nami nikamwamini. Alilitupa chini mbele za watu, wakanicheka. Nikaliokota. Sikuwa na kitu kingine, na wewe nilikuwa nimeshakuona."

Kwa hiyo ndiyo maana hakuwahi kujibu. Miaka yote hiyo tulimsifu kwa upole, na kumbe alikuwa anakwenda kwa mbuzi kwa sababu mkewe anasema kweli. Na mkewe naye alikuwa hasemi kweli. Nilijaribu kulipanga hilo kichwani, likanishinda, nikaona heri kemia.

Shangazi alikaa chini sakafuni, polepole, mkono mmoja kwenye ukingo wa kitanda. Nilidhani atalia tena, au atatafuta kitu cha kumrushia, na mgonjwa asingeweza kukwepa. Badala yake akasema, "Yaani ulinidanganya kwa kitu cha kweli, na mie nikakusingizia jambo ulilolifanya."

"Ndivyo."

"Sasa nani anamwomba nani radhi?"

Yule bwana akafumba macho, akapumua, akayafumbua. "Anza wewe," akasema. "Pumzi zangu chache."

Shangazi akamsogelea karibu na sikio, akaanza tangu mwaka wa kwanza.